Kitanda Kimoja: Siku Tisa Katika Miji Midogo ya Mvinyo, Western Cape, Afrika Kusini

Kwa miaka 14 nimekuwa nikimimina mvinyo ambao shamba lake sikuwahi kuliona. Ndiyo kazi yangu. Nilianza nikitandika vyumba, kisha nikawa weita wa kubeba sahani katika hoteli moja ya Mombasa, nikahamia Nairobi, na sasa mimi ndiye ninayeandika orodha ya mvinyo na kuwafundisha vijana kung'oa kizibo bila kukivunja. Stellenbosch, Franschhoek, Tulbagh: majina haya nimeyasoma kwenye lebo usiku baada ya usiku. Aprili iliyopita, shule zilipofungwa, nilikwenda kuyaona kwa macho yangu. Nilikwenda na mwenzangu.

Hapo penye "mwenzangu" naomba nisimame kidogo. Kiswahili kimetusitiri sana sisi wawili. "Mwenzangu anaumwa." "Mwenzangu kapika leo." "Yeye hapendi pilipili." Hujasema mume wala mke, na anayekusikiliza anajaza mwenyewe anachotaka kujaza. Kiingereza hakina stara hiyo. Sentensi ya pili tu kishakulazimisha utaje kama ni mwanamume au mwanamke. Basi mwenzangu ni mwanamume. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na hapa nitamwita Mwalimu, kama ninavyomwita nyumbani. Tumekaa pamoja miaka tisa. Kwa mwenye nyumba wetu sisi ni binamu, na kwa majirani ni vivyo hivyo. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinatutishia kifungo cha miaka 14, na siku Mahakama Kuu ilipokataa kukifuta, tarehe 24 Mei 2019, tulisikiliza habari redio imeshushwa sauti, tumekaa viti viwili tofauti, mlango uko wazi kama kawaida ili majirani wasishuku kitu.

Mimi ni shoga. Neno hili nililisikia kwanza likiwa tamu: mama yangu na jirani zake kule Likoni walikuwa wakiitana hivyo, "Shoga, njoo unionjee mchuzi." Baadaye ndipo nikalisikia likiwa tusi. Nalitumia kwa sababu naona lilikuwa zuri kabla halijaharibiwa.

Naandika haya kwa walio kama sisi, wanaume wawili au wanawake wawili wenye akiba ya safari moja, wanaojiuliza itakuwaje wakifika mapokezi ya nyumba ya wageni katika mji mdogo wasikomjua mtu, na kusema chumba chao ni cha kitanda kimoja. Mvinyo nitaueleza, siwezi kuuacha. Lakini kipimo changu cha kwanza kila mahali kilikuwa dakika ile ya mapokezi.

Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini tangu Januari 2023. Unaruhusiwa kukaa hadi siku 90 kwa mwaka. Gari wanaendesha kushoto kama sisi. Kodisheni gari, kwa sababu ukishatoka Stellenbosch teksi ni za shida. Kiwango cha pombe cha dereva ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu na polisi wanapima kweli, kwa hiyo amueni asubuhi nani anaendesha. Kila meza ya kuonjea ina chombo cha kutemea. Tema. Si dharau, wanaoishi kwa kazi hii wote wanatema.

Kwenye ndege Mwalimu alikuwa na karatasi. Alikuwa amenakili kifungu cha 9 cha Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kinachokataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Hakuna nchi duniani iliyotangulia kuliandika hilo katika katiba yake. Chini yake alikuwa ameongeza tarehe 30 Novemba 2006, siku ndoa za jinsia moja zilipopata sheria huko, nchi ya kwanza Afrika. Aliisoma karatasi ile kama anavyosoma maandalio ya somo kabla ya kengele. Nilimuuliza, "Mwalimu, unadhani tutaulizwa?" Akanijibu, "Nataka niwe nimejiandaa."

Stellenbosch tulilala usiku mbili. Uko kilomita 50 hivi kutoka Cape Town, umeanzishwa 1679 na gavana Simon van der Stel, na hauonekani kama mji wa juzi: Dorp Street ina kuta nyeupe nene, mialoni mikubwa kuliko mikwaju ya kwetu, na mitaro ya maji inayotiririka kando ya njia. Ni mji wa chuo kikuu, kwa hiyo jioni vijana wamejaa kwenye meza za nje. Tuliona wasichana wawili wamekaa, mmoja kaegemeza kichwa begani kwa mwenzake anasoma kitabu, na weita anawazunguka anapanga vikombe kama hakuna jipya. Mwalimu aliwatazama mpaka nikamgusa mguu chini ya meza.

Mapokezi? Kijana aliangalia pasipoti zetu, akaangalia kompyuta yake, akatuuliza kifungua kinywa tunakitaka saa ngapi. Basi. Alitupa ufunguo mmoja. Mwalimu alibaki amesimama pale kaunta akisubiri swali la pili ambalo halikuja.

Chuoni hapa ndipo Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut mwaka 1925, akapata Pinotage, zabibu ambayo Waafrika Kusini wanaweza kuiita yao. Kazini nimekuwa nikiiuza kwa mashaka, maana nyingi tunazoletewa zina harufu ya mpira ulioungua. Sasa nimejua ni za bei ya chini. Ile niliyoonja kwenye ghala moja chini ya mlima wa Simonsberg ilikuwa na ukali wa zambarau zilizoiva vizuri, kisha moshi kidogo, kisha koo linabaki safi. Kama mvinyo mwekundu hujauzoea, anza na Chenin Blanc, mweupe, wanaoupanda kuliko wote nchini humo, na unaokwenda sawasawa na samaki wa kupaka. Nasema nikiwa na uhakika, nimeshaujaribu nyumbani.

Lakini Stellenbosch hiyohiyo ndiko tulikopata siku mbaya ya safari nzima. Kwenye shamba moja mlinzi wa getini alituuliza tumekuja kumchukua nani. Tulipomwambia tumekuja kuonja, akapiga simu kwanza. Ndani tulikalishwa meza ya pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Mezani kwa walioingia nyuma yetu, Wazungu wanne, glasi zilifika kabla ya zetu, na maelezo marefu, na mikate. Sisi tulimiminiwa bila kuambiwa jina la mvinyo. Mimi weita. Najua meza inapochelewa kwa sababu ya wingi wa watu, na najua inapochelewa kwa sababu mtu ameamua. Tulilipa, hatukununua chupa, tukaondoka. Hapo hawakutukataa kwa mapenzi yetu. Hawakufika hata huko. Ngozi ilitosha. Anayekwenda kule aende akijua kwamba milango hii ni miwili, na mmoja kufunguka hakumaanishi wa pili umefunguka.

Na tukiwa kwenye hilo: ukitoka mjini utapita Kayamandi, mabanda ya mabati yaliyobanana mlimani, ng'ambo tu ya mialoni ile. Afrika Kusini hiyohiyo yenye kifungu cha 9 ndiko Eudy Simelane, aliyeichezea timu ya taifa ya soka ya wanawake, alikouawa mwaka 2008 karibu na kwao KwaThema, baada ya kuishi wazi kama msagaji. Utulivu nitakaouelezea hapa chini tuliununua kwa rand. Shoga wa Kayamandi hana chumba cha rand 1,500 cha kujifungia. Hilo lilinikaa moyoni siku zote tisa, na sikutaka liniondoke.

Kati ya Stellenbosch na Franschhoek, ukishavuka kilima cha Helshoogte, kuna kijiji kinaitwa Pniel. Wengi wanakipita wakikimbilia mashamba. Msikipite. Kilianzishwa 1843 kama kituo cha misheni cha watu waliotoka utumwani. Watumwa wa Cape walikuwa wameachwa huru kabisa Desemba 1838. Jina ni lile la Mwanzo 32, mahali Yakobo alipomwona Mungu uso kwa uso. Kanisa lao jeupe liko palepale, vibanda vya familia vimepanda mlimani, na kwenye makaburi majina ni ya Kiholanzi, lakini nyuso tulizozikuta nyingine ungeapa umeziona Kilifi. Baadhi ya watu waliopanda na kutunza mizabibu ya nchi hii enzi za utumwa waliletwa kwa meli kutoka Madagaska na pwani ya Msumbiji, pwani ileile inayoendelea hadi kwetu. Waliotoka Msumbiji waliitwa Masbieker. Na baada ya utumwa vizazi vya wafanyakazi wa mashamba vililipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, mfumo walioita dop, sheria ikaja kuukataza baadaye, lakini madhara ya ulevi ule bado yanaonekana katika familia. Mimi nimeuza mvinyo wa bonde hili miaka yote hiyo bila kujua. Sasa nikiwafundisha vijana hotelini naanzia Pniel.

Franschhoek ni mzuri mno, na ni ghali mno. Maana yake kona ya Wafaransa, kwa ajili ya Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya dini wakafika 1688. Kabla yao bonde liliitwa Olifantshoek, kona ya tembo. Barabara kuu ni moja, maduka ya chokoleti na mikahawa pande zote, na mwishoni mnara wa Wahugenoti na milima nyuma yake. Chakula ni kizuri kweli, lakini chakula cha mchana cha watu wawili kilitugharimu kuliko chumba cha usiku mmoja kule McGregor.

Tramu ya mvinyo iliyoanza 2012 nawashauri mpande hata kama mna gari. Njia zake zinaitwa kwa rangi. Unachagua rangi, unashuka shamba unalotaka, inayofuata inakuchukua. Tulilipa karibu rand 300 kila mtu, mbali na kuonja. Mwalimu, ambaye hanywi zaidi ya glasi moja, aliipenda kuliko mimi: madirisha wazi, majani ya mizabibu mwezi wa Aprili yamegeuka manjano na mekundu, na ule mwendo wa polepole kati ya mistari iliyonyooka kama daftari. Wanandoa wa Uholanzi waliokaa mbele yetu walituuliza tumeoana miaka mingapi. Nilikuwa sijajibu nikasikia Mwalimu anasema, "Tisa."

Ila kabla ya siku hiyo kufika yalikuwa yametokea haya. Nyumba ya wageni tuliyofikia Franschhoek, sitaitaja, nilikuwa nimeagiza kitanda kimoja kikubwa. Tulipofika tukakuta vitanda viwili, kimoja kila ukuta, meza ndogo katikati na taa juu yake. Dada wa mapokezi alieleza kwa furaha kabisa kwamba waliona majina mawili ya kiume wakajua kuna kosa kwenye oda, wakaturekebishia. Akatuuliza kwa tabasamu, sisi ni ndugu? Na Mwalimu, aliyebeba katiba mfukoni, akajibu, "Binamu."

Simlaumu hata kidogo. Neno hilo tumelisema miaka tisa. Linatoka lenyewe kama mtu anavyojikinga uso. Lakini usiku ule tulilala kila mtu ukutani kwake katika nchi ambayo tulikuwa tumekwenda ili tusilale hivyo. Saa nane za usiku nilimsikia anageuka. Nikamwita, "Mwalimu." Akasema, "Najua. Nisamehe." Nikamwambia hakuna cha kusamehe.

Asubuhi nilishuka mapokezi peke yangu. Moyo ulikuwa unanidunda, mtu mzima wa miaka 41. Nikasema oda ilikuwa sahihi tangu mwanzo, yule bwana si binamu yangu, ni mume wangu, na naomba vitanda viunganishwe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo kwa mtu nisiyemjua. Dada aliona haya, akaomba radhi mara tatu, akampigia simu anayeshughulikia vyumba.

Akaja mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa bonde lile, kitambaa kichwani, mikono ya mtu aliyefua shuka maisha yake yote. Vijana pale walimwita Antie, nami nikamwita Antie. Hakuuliza kitu. Alishika fremu ya kitanda cha kwanza, nikashika upande wa pili, tukakisukuma katikati ya chumba. Vitanda vya hoteli vingi ni hivi, viwili vinavyofungwa kuwa kimoja. Ni kazi ya dakika kumi. Akatandika godoro jembamba la juu kuziba ufa, akaurusha ule mshuka mkubwa hewani, ukafunguka, nami nikaudaka upande wangu. Kona alizikunja kwa pembe, kama tunavyofunzwa, akanitazama ninakunja zangu. "Wewe umefanya kazi hii," akasema kwa Kiingereza. Nikamwambia ndiyo, Antie, nilianzia vyumbani. Akapita upande wangu, akagusa kona yangu, hakuirekebisha. Kisha akaweka mito minne, akaipiga kila mmoja ngumi katikati, akasema, "Sasa mtalala, mwanangu," akaondoka na ndoo yake.

Mapokezi ya nyumba ile nayapa alama ya chini. Antie sina alama inayomtosha.

Kutoka Franschhoek tulipanda mlima upande wa pili, Villiersdorp, Worcester, Robertson, na kutoka Robertson kilomita 20 hivi hadi McGregor, ambako barabara inaishia. Inaishia kweli: walianza kuipasua mlimani ifike Greyton, haikumalizika, na sasa ng'ambo unakwenda kwa miguu tu, njia ya kilomita 14 ya Boesmanskloof. Nyumba ni za udongo zilizopakwa chokaa, mitaa mingi ni ya vumbi, na nje kidogo ya mji kuna mahali wanapotunzwa punda wazee walioteswa na kazi. Mimi mtoto wa pwani. Kumwona punda amepumzishwa, ana jina lake na anachanwa manyoya, kulinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Wasanii wengi wamehamia hapa, na mashoga na wasagaji kati yao, wanandoa wenye mvi wanaomwagilia maua asubuhi. Mwenye nyumba yetu alitusomea orodha ya mambo ya kufanya, ikaisha kwa dakika moja. Robertson na Montagu jirani zake ni nchi ya Muscadel, mvinyo mtamu mzito wa kunywa kidogo baada ya chakula. Kwa anayependa halua, ndio huo.

Jioni yetu pekee pale tulitembea. Kwetu wanaume hushikana mikono njiani, wala si ajabu: marafiki wanatoka msikitini wameshikana vidole, makuli wanavuka barabara wameshikana. Sisi wawili hatujawahi. Wenye la kuficha huogopa hata lililoruhusiwa kwa wote. Pale McGregor, tulipolipita kanisa, giza linaingia, Mwalimu alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa taa za barabarani. Mama mmoja mwenye mbwa alitupita akasema "Naand," habari ya jioni kwa Kiafrikaans. Tukaitikia. Hakuachia mkono.

Tulbagh ndio mji ninaowaambia mwende hata kama mna nafasi ya mmoja tu. Uko kilomita 120 hivi kutoka Cape Town, umezungukwa na milima pande tatu, na bado ni mji wa wakulima: maplamu, mapichi, matrekta, duka la dawa za mimea. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1969 tetemeko la ukubwa wa 6.3 liliubomoa. Watu walikufa, nyumba za udongo zikafumuka. Badala ya kuubomoa wote na kujenga upya, waliirudisha Church Street nyumba kwa nyumba, 32 kwa jumla, tena kwa sura zao za kale ambazo mapambo ya baadaye yalikuwa yamezifunika. Kanisa la 1743 sasa ni makumbusho, na humo ukutani kuna picha za mtaa siku baada ya tetemeko. Tazama picha, kisha toka nje utazame mtaa wenyewe. Mwalimu alifanya hivyo mara tatu, ndani, nje, ndani, nje, kama anayesahihisha mtihani.

Tulilala katika mojawapo ya nyumba za mtaa ule, rand 1,300 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Mwenye nyumba, mzee mrefu mwenye kofia ya majani, alitufungulia mlango na kusema chumba chetu ni kile cha mwisho, kitanda kikubwa, dirisha la mlimani, na blanketi la ziada liko sandukuni kwa sababu usiku unakuwa baridi. Akauliza nani kati yetu anakoroma, ili amwambie mgeni wa chumba cha jirani. Mwalimu akaninyooshea kidole. Mzee akacheka, akaenda kuchemsha maji. Sijui nilieleze vipi jambo hili lisionekane dogo. Alituuliza swali wanaloulizwa watu wawili wanaolala pamoja.

Na nje ya mji kuna shamba la Twee Jonge Gezellen. Limekuwepo tangu 1710, na jina lake maana yake ni vijana wawili makapera. Nililijua jina hili kazini, kwa herufi ndogo kwenye chupa za Krone, na sikuwahi kuuliza maana yake mpaka tuliposimama getini na Mwalimu akaisoma kwenye simu. Alinyamaza. Kisha akasema, "Miaka 300 jina liko getini." Tulikaa pale saa mbili. Wanatengeneza Cap Classique, mvinyo wa povu unaochachushwa mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, namna ileile ya Champagne. Binti aliyetuhudumia alimimina kwa hatua mbili, kwanza vidole viwili, akangoja povu litulie, ndipo akajaza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa na ni wachache wanaosubiri. Mvinyo una ladha ya ukoko wa mkate na ndimu, mkavu, vipovu vidogo vinavyopanda bila haraka. Tulinunua chupa mbili.

Asubuhi ya kuondoka Tulbagh mzee alitufungulia kitabu cha wageni. Mwalimu alikaa nacho muda. Najua alikuwa anawaza nini: jina, mji, tarehe, vyote kwa wino, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kufunua. Mwishowe aliandika majina yetu mawili ya kwanza kwenye mstari mmoja, kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima, na kati yake akaweka "na". Sehemu ya mahali atokapo mgeni akaandika Nairobi.

Tumeshaomba chumba kilekile kwa Aprili ijayo. Stellenbosch tutapita mchana tu. Franschhoek nitarudi kumsalimia Antie.

Chupa ya kwanza tuliifungua Jumamosi ya kwanza tuliporudi. Nilivua karatasi, nikazungusha waya mara sita, nikafunika kizibo kwa taulo la vyombo, nikashika kizibo nikizungusha chupa, polepole, kama ninavyowafundisha vijana: chupa ya povu haitakiwi kulipuka, inatakiwa kupumua tu. Ilipumua. Jirani zetu walikuwa wanaangalia mpira ng'ambo ya ukuta, hawakusikia kitu.